Imo, Ipo, Iko: Kadi ya Mtandao na Viambishi vya Mahali

Wageni wanaojifunza Kiswahili ukubwani hulalamikia jambo moja mapema sana: kwa nini lugha iwe na "hapa", "huku" na "humu", ilhali lugha zao hutosheka na neno moja? Sisi tuliolelewa nacho hatulioni tatizo, wala aghalabu hatuioni neema iliyomo. Twasema "yupo", "yuko" na "yumo" kama tunavyovuta pumzi. Walimu wa sarufi wametupa muhtasari wa kukariri, PA-KU-MU: mahali dhahiri, mahali pasipo dhahiri, na mahali pa ndani. Tukafaulu mtihani, tukausahau.

Nataka kueleza namna viambishi hivyo vitatu vilivyonirudia, tena katika kazi ambayo watu wengi huidhania kuwa haina nasaba na fasihi: kutafuta kwa nini kompyuta haioni kadi yake ya mtandao. Msomaji asiyekuwa fundi asiogope. Nitakwenda polepole, na mwisho wa safari tutakuwa tungali katika lugha.

Kompyuta moja yenye nguvu yaweza kubeba ndani yake kompyuta nyingine za kuigiza, kila moja ikiamini kwamba ina kichakataji chake, diski yake na kadi yake ya mtandao. Hizi huitwa mashine pepe. Ndani ya mashine pepe waweza tena kuweka kontena, yaani vyumba vidogo vilivyofungwa, kila kimoja kikiendesha programu yake na vifaa vyake bila kuingilia cha jirani. Basi nyumba imo ndani ya nyumba, na chumba kimo ndani ya nyumba hiyo ya ndani. Kila ukuta una mlango, na kila mlango una jina. Balaa nitakayoisimulia ilitoka katika majina ya milango.

Mimi na wenzangu watatu tunahifadhi sauti. Kwa miaka kadhaa tumekusanya kanda za tenzi, kasida na nyimbo za harusi kutoka kwa wazee wa mwambao wa Tanga, tukazigeuza kuwa mafaili ya kompyuta, na sasa tunaziandika neno kwa neno. Seva yetu imo katika chumba kidogo mjini Tanga. Juu yake kuna mashine pepe moja yenye kadi mbili: ya kwanza yaelekea ndani, kwenye kompyuta za waandishi wetu, ya pili yaelekea nje, kwenye modemu ya intaneti. Ndani ya mashine hiyo mna kontena tatu: ya hazina ya data, ya ukurasa wa kusikilizia na kuandikia, na ya kunakili kazi ya kila siku na kuipeleka mahali pa mbali kwa usalama.

Kila Alhamisi huja bibi mmoja wa Ngamiani, mzaliwa wa Pangani, aliyekwisha kuvuka miaka themanini. Huketi, huvaa visikizi, na hutufafanulia maneno ambayo hayamo katika kamusi yoyote tuliyonayo: majina ya sehemu za jahazi, ya mapishi yasiyopikwa tena, ya mafumbo waliyorushiana wanawake ngomani. Masikio yake yanapungua nguvu. Alhamisi inayopotea hairudi, na neno lisiloelezwa na yeye huenda lisielezwe na mtu mwingine tena.

Ndipo seva ikaanza vituko. Umeme ukikatika na kurudi, mara nyingine kila kitu huamka salama. Mara nyingine kompyuta za waandishi hazioni kitu. Ukiizima mashine na kuiwasha upya, yaweza kupona au isipone. Alhamisi mbili mfululizo bibi alikuja, akasubiri hadi adhuhuri, akarudi nyumbani. Alhamisi ya pili aliniambia kwa upole, "Mwanangu, mimi si wa kuahirishwa." Sikuwa na jibu zaidi ya kumwitia bajaji.

Ajabu ya ugonjwa huu ni kwamba ukiingia ndani ya mashine kila kitu huonekana kizima. Kontena zote tatu zinafanya kazi. Anwani zote mbili za IP zimeandikwa sawasawa. Ukiita anwani ya ndani kutoka kwenye mashine yenyewe, inaitika. Lakini ukiita kutoka kwenye kompyuta ya mwandishi, hatua tatu kutoka hapo, kimya. Mashine ilikuwa inajiita na kujiitikia yenyewe. Wito haukutoka mlangoni kabisa, kwani mfumo wa Linux anwani iliyo yake huifikia kwa njia ya ndani kwa ndani, bila kuigusa kadi. Ni sawa na mtu anayebisha hodi chumbani mwake, akajijibu "karibu", akaamini kwamba mlango wa nje uko wazi.

Hapa yatupasa kutazama majina. Kwa miaka mingi Linux imeziita kadi za mtandao eth0, eth1, eth2, kwa kufuata mpangilio ambao kiini cha mfumo kimezigundua. Herufi hizo tatu zina kisa chake. Mwaka 1973, Bob Metcalfe, alipokuwa katika maabara ya Xerox huko California, aliuita mtandao aliouwaza "Ethernet", kutokana na etha, kile kitu ambacho wanafizikia wa zamani walidhani kimeijaza anga yote ili kubeba mwanga. Etha yenyewe ilikuwa imekwisha kutafutwa na kukosekana: jaribio mashuhuri la Michelson na Morley la mwaka 1887 halikuona dalili yake. Kwa hiyo kila kadi iitwayo eth0 imebeba jina la kitu kilichotafutwa kikakosekana. Fundi aliyekesha akiitafuta kadi yake atanielewa.

Kuita kwa mpangilio wa kugunduliwa ni jambo tunalolifahamu. Wasukuma humwita pacha anayetangulia kuzaliwa Kulwa, na anayemfuata Doto. Na anayezaliwa baada ya pacha huitwa Shija. Majina hayo yameenea Tanzania nzima, na huku pwani twasema Kurwa na Doto. Jina la namna hii halisemi lolote juu ya sura ya mtoto wala tabia yake. Lasema tu nani alitangulia. Nalo ni jina imara, kwa sababu mtu huzaliwa mara moja.

Mashine huzaliwa kila inapowashwa. Kadi zetu mbili zilikuwa za aina mbili tofauti, kila moja ikihitaji programu yake ya kuiendesha, na programu hizo hupakiwa takribani kwa wakati mmoja, zikishindana. Nilisoma batli ya mfumo. Neno batli nalitumia kwa maana yake ya pwani, daftari la safari la chombo, na mafundi wa leo wamelipokea vizuri. Batli ilionyesha wazi: siku njema kadi ya ndani ilitangulia kwa sehemu ndogo ya sekunde, ikawa eth0, siku mbaya kadi ya nje ndiyo iliyotangulia. Kurwa na Doto walikuwa wakizaliwa upya kila umeme uliporudi, na kila mara huenda wakabadilishana majina. Mipangilio yetu ilisema, "eth0 apewe anwani ya ndani." Amri ilitiiwa kwa uaminifu, ila anwani ya ndani ikawa imevalishwa kadi inayotazama nje.

Tatizo hili si geni, na dunia ya Linux imelijibu zaidi ya mara moja. Jibu la awali lilikuwa kukumbuka alama ya kadi, ile namba ya biti 48 iitwayo anwani ya MAC, na kuifunga na jina. Katika kadi ya chuma namba hiyo huwa kama alama ya kuzaliwa. Katika mashine pepe ni namba iliyoandikwa tu katika faili. Ukitoa nakala ya mashine pepe, nakala hupewa namba mpya. Mfumo ukiamka waona kadi usiyoijua, nao umekwisha kuliweka jina eth0 kwa ajili ya kadi ambayo haipo tena. Basi kadi pekee iliyomo huitwa eth1, na programu zote zinazomtafuta eth0 hupotea njia. Jina limehifadhiwa kwa marehemu, na aliye hai hana pa kukaa.

Jibu la pili lilikuja mwaka 2013, pale systemd toleo la 197 lilipoleta majina yanayotabirika. Kadi sasa huitwa kwa mahali ilipochomekwa: enp0s3 ni kadi ya Ethernet, katika basi namba 0, nafasi namba 3. Ni anwani ya mtaa badala ya jina la mtoto, kama tunavyosema "mama wa nyumba ya tatu". Ni utaratibu mzuri, lakini nao una mpaka wake. Mashine pepe ikihamishiwa kwa mwenyeji wa aina nyingine, mtaa wote hubadilika: kadi iliyokuwa enp0s3 kwenye VirtualBox, kwenye VMware yaweza kuitwa ens33. Isitoshe, mashine yetu ilipoandaliwa, aliyeiandaa aliuzima utaratibu huo mpya kwa makusudi ili majina mafupi ya zamani yarudi. Si jambo la ajabu. Wengi hufanya hivyo ili programu zinazolitaja jina eth0 zisivunjike.

Sasa nirudi kwa bibi. Alhamisi moja njema, mtandao ukiwa umeamkia upande wa heri, alikuwa akipitia wimbo wa harusi ulioandikwa na kijana wetu. Kijana alikuwa ameandika "bibi harusi yupo". Bibi akavua visikizi. "Si yupo," alisema, "ni yumo. Sikiliza tena. Wenye harusi wako uani, wanaimba kumwambia bwana harusi kwamba yumo. Hawajamtoa. Akiwa yupo, ngoma imekwisha." Tukasikiliza tena. Alikuwa sahihi: herufi moja ilikuwa imeuondoa ukuta uliosimama kati ya bwana na bibi harusi, na wimbo wote ulikuwa juu ya ukuta ule.

Tangu siku ile niliacha kuuliza swali ambalo sote tulikuwa tukiulizana, "Mtandao upo?" Swali hilo limebeba maswali matatu, na kila moja lina amri yake ya kulijibu.

La kwanza: imo? Yaani, je, kadi imo mwilini mwa mashine? Hili hujibiwa na amri ya lspci, inayoorodhesha vifaa vilivyochomekwa. Kadi isipoonekana hapo, usihangaike na anwani wala kontena. Nenda kwa mwenyeji anayeibeba mashine pepe, ukatazame kama ameiwekea kadi. Ikionekana lspci lakini isionekane katika "ip link", basi imo bila mwenye kuiendesha: programu ya kadi hiyo haikupakiwa.

La pili: ipo? Yaani, imejitokeza, imesimama mahali pake, tayari kwa kazi? Amri ya "ip link" huonyesha maneno mawili yanayofanana na kutofautiana: UP na LOWER_UP. La kwanza lasema kwamba mfumo umeiamuru kadi iwe kazini. La pili lasema kwamba kweli kuna mawimbi upande wa pili. Katika mashine pepe hakuna waya wa kushika kwa mkono, lakini mwenyeji anao waya wa kuigiza, unaoweza kuchomolewa kwa kubofya alama moja tu. Kadi yenye UP bila LOWER_UP ni bibi harusi aliyekwisha kupambwa, nje hakuna aliyekuja.

La tatu: iko wapi? Yaani, yaelekea upande gani, na nani ajuaye njia ya kuifikia? Hapa ndipo penye "ip addr" na "ip route", anwani na njia. Na hapa ndipo ugonjwa wetu ulipokuwa umejificha. Kadi zote mbili zilikuwamo. Zote mbili zilikuwapo. Ila ya ndani ilikuwako nje, na ya nje ikawako ndani. Swali la "upo?" lisingeweza kamwe kuliona jambo hili, kwa maana jibu lake lilikuwa "naam" siku zote.

Kontena huongeza ukuta mwingine, na ukuta huo hudai "humu" yake. Kila kontena ya Docker kwa kawaida hupewa eneo lake la majina, ambamo mna kadi iitwayo eth0 pia. Eth0 hii si ile ya mashine pepe. Ni ncha moja ya waya wa kuigiza wenye ncha mbili: moja imo kontenani, nyingine imo katika mashine, imefungwa kwenye daraja liitwalo docker0. Ukitoa amri ya "ip link" ndani ya kontena, waweza kuona "eth0@if7", maana yake mwenzake ni kadi namba 7 upande wa pili wa ukuta. Kuna Juma nyumba hii na Juma nyumba ile; ukiita "Juma!" uani, usishangae akija usiyemtaka. Vivyo hivyo anwani 127.0.0.1: maana yake ni "humu", basi. Programu iliyomo kontenani ikiambiwa isikilize humu, haitamsikia yeyote aliye hapa, katika mashine, wala aliye huko, katika mtandao.

Mashine zikiwa nyingi, utata huzaa utata. Rafiki yangu anajifunzia Kubernetes kwa mashine pepe tatu ndani ya kompyuta yake ya mkononi. Kubernetes ni neno la Kigiriki lenye maana ya nahodha, na sisi tunalo neno letu, tulilolipokea kutoka Kiajemi kwa njia ya bahari hiyohiyo. Katika mpangilio wa kawaida wa VirtualBox, kadi ya kwanza ya kila mashine hupewa anwani 10.0.2.15. Kila mashine, anwani ileile. Mabaharia watatu walipojiandikisha kwa nahodha, kila mmoja alijitambulisha kwa kadi yenye njia kuu ya kutokea, na wote watatu wakaandikwa 10.0.2.15. Nahodha akaona mtu mmoja aliyekuja mara tatu. Dawa yake ni kutoiacha programu ikisie: mwambie kila baharia anwani ya kujitambulishia, na uiambie programu ya mtandao wa kontena kadi ya kutumia. Flannel ina chaguo la kutaja kadi. Calico, ambayo kwa kawaida huchukua anwani ya kwanza ifaayo iliyoipata, yaweza kuelekezwa kwa jina la kadi au kwa anwani inayopaswa kufikiwa.

Dawa ya kwetu ilikuwa ya namna hiyohiyo: kutoacha jina litokane na mbio za nani ametangulia. Kwanza, kwa mwenyeji, tuliziandika namba za MAC za kadi zote mbili ziwe za kudumu, zisibadilike bila amri yetu. Kisha, ndani ya mashine, katika folda ya /etc/systemd/network, tuliandika mafaili mawili mafupi yenye tamati ya .link. Kila faili lina mambo mawili: kadi yenye namba hii, iitwe jina hili. Waandishi wa systemd hushauri kutotumia tena majina ya aina ya eth0 katika mafaili hayo, kwa kuwa kiini cha mfumo nacho huyagawa, na wawili hao wanaweza kugongana. Jina laweza kuwa lolote, mradi lisizidi herufi 15.

Herufi 15 zinatutosha sana. Kadi moja tukaiita ndani, ya pili tukaiita nje.

Baada ya hapo tuliifanya upya taswira ndogo ya kuwashia mfumo, ili majina mapya yajulikane tangu mwanzo wa kuamka, tukabadilisha mipangilio yote iliyotaja eth0 na eth1, kisha tukaizima na kuiwasha mashine mara ishirini. Mara zote ishirini ndani ilikuwa ndani, na nje ilikuwa nje. Wiki ile umeme ulikatika mara mbili kabla ya Alhamisi. Bibi alipofika tulimkuta tayari amekwisha kuwekewa wimbo wake, na asubuhi hiyo alitufafanulia beti saba.

Nimelishika fundisho moja. Jina linalotokana na mpangilio, na jina linalotokana na mahali, na jina linalotokana na alama, kila moja lina siku yake ya kukuangusha. Linalodumu ni lile ulilolifunga wewe mwenyewe kwa kifundo unachokijua, na ukaandika mahali pa kuonekana umelifunga na nini. Nalo swali la fundi, kama swali la mshairi, litangulizwe na kiambishi sahihi. Wanaosema Kiswahili ni lugha isiyofaa kwa kazi za kompyuta hawajajaribu kueleza kontena iliyomo katika mashine iliyopo katika seva iliyoko Tanga. Lugha nyingi zingehitaji sentensi tatu.

Nafunga kwa ubeti mmoja, ambao kijana wetu ameubandika juu ya seva:

Kilichomo usiseme, kipo mbele yako wazi,
Mlango kwanza upime, usiandame upuzi,
Jina lake lisihame, likawaponza wajuzi,
Ko na po na mo tusome, ndizo funguo za kazi.